Kuita kwa Sauti katika Usukuma: Historia ya Simu na Usemi, Shinyanga na Machimbo ya Geita

Kabla ya nyuzi za simu kufika Usukuma, mtu aliyetaka msaada wa mbali alikuwa na chombo kimoja tu, nacho ni koo lake. Ukelele wa hatari, ng'ombe wakiibwa au simba akionekana karibu na zizi, Wasukuma na Wanyamwezi huuita mwano. Aliyeusikia alipaswa kuuitikia kwa kuupiga yeye pia, huku akitoka mbio na silaha yake. Naye aliyekuwa ng'ambo ya bonde akausikia wa huyu wa pili, akaupeleka mbele, hata katika muda mfupi vijiji vingi vikawa vimepata habari. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, makundi ya sungusungu yalipozuka upande wa Kahama na Shinyanga kupambana na wezi wa mifugo, mwano ndio uliotegemewa, ingawa zama za simu zilikuwa zimefika zamani. Sifa yake moja yafaa kukumbukwa katika yote yatakayofuata: mwano humwita kila mtu, wala haumwiti mtu mmoja kwa jina lake.

Simu nayo kazi yake ni kumchagua mmoja kati ya wengi. Neno lenyewe asili yake ni Kiajemi, sim, maana yake fedha, tena uzi wa madini. Na Waswahili walilitumia kwa uzi, kwa habari iliyopita ndani ya uzi, na baadaye kwa chombo cha kusemea. Jina hilo halikuachwa hata uzi ulipotoweka. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka wa 1928, ikipita Shinyanga, na simu ya stesheni ikawa sehemu ya maisha ya mji. Machimbo ya dhahabu ya Geita yalifanya kazi tangu mwaka wa 1936 hata 1966; almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka wa 1940 na Williamson, mjiolojia kutoka Kanada. Kila palipokuwa na ofisi ya machimbo palihitajiwa njia ya kusema na watu wa mbali.

Katika simu za namna ile, mwenye kutaka kusema na mtu hakupiga tarakimu zozote. Aliinua mkono wa simu, akasikia karani akiuliza anamtaka nani, akataja namba au jina, na karani akaunganisha nyuzi mbili kwa mikono yake. Kwa maana halisi, huku kulikuwa kupiga simu kwa kusema. Mtambo wa kutambua usemi ulikuwapo tangu siku ya kwanza, nao ulikuwa sikio la binadamu: sikio lililoweza kuelewa jina likitamkwa na Mzungu, Mhindi au Msukuma, likauliza tena pale liliposhindwa, na pengine likajua kwamba bwana anayetafutwa hayupo ofisini kwa sababu amekwenda Tabora na gari-moshi la asubuhi.

Aliyemtoa karani katika njia hiyo ni Almon Strowger, Mmarekani aliyepewa hataza ya mtambo wa kuunganisha simu wenyewe tarehe 10 Machi 1891. Husimuliwa kwamba alikuwa na biashara ya mazishi, akashuku kuwa karani wa simu wa mjini kwake alikuwa akiwapelekea wateja mshindani wake. Iwe kweli au hadithi, tokeo lake lajulikana: kidole kilishika kazi ya ulimi. Mtu hakumwita tena mwenziwe kwa jina bali kwa tarakimu, naye asiyezijua tarakimu, au asiyeona vizuri, au aliyeshika kitu kwa mikono miwili, alibaki nje. Historia ya kupiga simu kwa sauti, ambayo wengi huidhani kuwa ni jambo jipya kabisa, ni historia ya majaribio ya kumrudisha yule karani katika umbo la mashine.

Jaribio la kwanza lililofaulu lilifanywa mwaka wa 1952 katika maabara ya Bell huko Marekani. Mashine iliyopewa jina la Audrey iliweza kutambua tarakimu kumi zilizotamkwa moja moja kwa Kiingereza, na kwa sauti ya mtu iliyemzoea ilikosea mara chache tu katika mia. Njia yake ilikuwa kufuata mwendo wa irabu: kila irabu ina milio yake miwili mikuu, na mashine iliilinganisha milio hiyo na vielelezo ilivyowekewa. Hapa mtu wa Kiswahili hana budi kusimama kidogo, kwa kuwa tarakimu za Kiswahili, zikitazamwa kwa irabu peke yake, zina jambo la ajabu. Moja ni o na a. Mbili ni i na i. Tatu ni a na u. Tano ni a na o. Nne ina e peke yake. Saba ni a na a. Nane ni a na e. Sifuri ni i, u na i. Hakuna mbili zinazofanana. Zilizobaki ni sita na tisa, na zote mbili ni i na a. Si irabu tu: hata konsonanti zao ni zilezile, s na t, zilizobadilishana nafasi. Kama Audrey angalifundishwa Kiswahili, tarakimu nane angalizitenga kwa irabu bila taabu kubwa, na mbili hizi zingalimkwaza.

Sita na tisa zilikuja pamoja na saba kutoka Kiarabu. Kiswahili cha zamani kilikuwa na kenda mahali pa tisa, neno ambalo kamusi bado zalihifadhi, na Kisukuma hutumia kenda mpaka leo. Kenda ni e na a, jozi isiyopatikana penginepo katika orodha nzima. Mkulima wa Shinyanga ahesabuye kwa lugha ya mama yake alikuwa na tisa iliyo nyepesi kwa mashine kuliko tisa ya pwani, na hakuna aliyemwuliza.

Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki lilikufa pamoja na Jumuiya mwaka wa 1977, na kwa miaka mingi baada yake simu ilibaki kitu cha ofisi na cha wachache. Mabadiliko yalianza mwaka wa 1994, kampuni ya kwanza ya simu za mkononi ilipoanza kazi nchini; Vodacom ikafuata mwaka wa 2000. Mwaka huohuo wa 2000 mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa upya, na wa Bulyanhulu, katika wilaya ya Kahama ya wakati ule, ukafunguliwa mwaka wa 2001. Minara ya simu na mashimo ya dhahabu viliingia katika nchi hii karibu kwa pamoja, na vijiji vya wachimbaji wadogo, kama Nyarugusu, Rwamagasa na Mgusu, vikawa na simu mfukoni kabla ya kuwa na mambo mengine mengi yaliyo ya lazima zaidi.

Katika mwaka uleule Nokia ilitoa simu yake ya 3310, iliyouzwa ulimwenguni kwa idadi ipitayo milioni 100. Wengi huikumbuka kwa ugumu wake na kwa betri yake. Wachache hukumbuka kwamba ilikuwa na uwezo wa kupiga simu kwa sauti. Mwenye simu alichagua jina katika orodha yake, akalitamka, na simu ikahifadhi sauti ile kama alama. Siku nyingine alibonyeza kitufe, akalitamka tena, na simu ikalinganisha sauti mpya na alama zake zote, ikachagua iliyo karibu zaidi. Katika mitambo ya namna hii hesabu ya kulinganisha ilikuwa na werevu wake, kwa kuwa mtu halitamki jina mara mbili kwa mwendo mmoja. Leo husema Masanja upesi, kesho husema kwa kuvuta. Njia ya kunyoosha na kukunja muda ili matamshi mawili yalingane iliandikwa vizuri na Wajapani Sakoe na Chiba mwaka wa 1978, na mitambo midogo iliweza kuifanya bila msaada wa kompyuta kubwa.

Lililo kubwa ni hili: simu ile haikujua lugha yoyote. Kitabu cha maelezo kilichouzwa nayo kilisema waziwazi kwamba alama za sauti hazitegemei lugha bali hutegemea sauti ya msemaji. Haikujali kama jina ni la Kifini, la Kiarabu au la Kisukuma. Mtu angeweza kusema Ng'wanamalundi kwa ng'w yake kamili, au Nhandi kwa ile n itokayo puani bila mtetemo wa koo, sauti ambayo Kiswahili Sanifu hakinayo. Angeweza kuweka irabu zote saba za Kisukuma na toni zake zote. Angeweza hata kutosema jina, bali kumwita mkewe kwa lakabu ya nyumbani, na simu ikatii. Ilikuwa mashine duni sana, yenye nafasi ya majina machache tu, lakini katika jambo hili ilikuwa na adabu kuliko zilizokuja baada yake.

Udhaifu wake ulikuwa mwingine. Kitabu kilekile kilionya kwamba kelele huiharibu, kwamba majina mafupi na yanayofanana hayafai, na kwamba mtu asiitegemee peke yake saa ya hatari. Kelele ndiyo hali ya kila siku ya machimbo madogo ya Geita. Makarasha, mashine zile za kupondea mawe, hunguruma tangu asubuhi. Jenereta huendesha pampu za maji. Na watu walio juu ya duara hupaza sauti kwa walio chini. Ndani ya duara lenyewe, kati ya matimba, hakuna wimbi la simu lifikalo. Basi pale mikono ya mtu inaposhikwa na kamba au nyundo, ndipo mahali ambapo kupiga simu bila kushika kungefaa kuliko popote, napo ndipo ambapo haikuwezekana. Duara lilipoporomoka Nyangarata, wilayani Kahama, mnamo Oktoba 2015, wachimbaji watano walikaa chini ya ardhi siku 41 kabla ya kutolewa wakiwa hai. Kilichowaokoa ni kwamba wachimbaji wenzao walisikia sauti zao. Kazi ile ilifanywa na masikio.

Juu ya ardhi watu walijitafutia njia. Mwendesha bodaboda wa Katoro au Kahama huingiza simu yake ndani ya kofia ngumu, kati ya shavu na sifongo, akasema na mteja huku mikono yote miwili imeshika usukani. Haielekei kwamba mhandisi yeyote alikusudia kofia itumike hivyo, tena si jambo la kusifiwa kwa upande wa usalama. Lakini ni simu ya mikono huru, wala haikugharimu kitu. Teknolojia ya Bluetooth, ambayo kanuni zake za kwanza zilitolewa mwaka wa 1999, ilileta visikilizio visivyo na waya kwa wenye magari na baadaye kwa wengine. Navyo hivyo humsaidia mtu kusema tu. Kumchagua anayepigiwa bado kulihitaji kidole na jicho, na kusoma herufi.

Hapo ndipo wazee walipobaki nyuma. Katika nyumba nyingi za vijijini mzee ana simu yake lakini hana orodha yake, kwa kuwa orodha imeandikwa. Humwita mtoto: “Mjukuu wangu, nitafutie Kulwa.” Mtoto huuliza, “Kulwa yupi, guku?” Babu hueleza, na mtoto hubonyeza. Karani wa simu wa zamani amerudi, safari hii akiwa na umri wa miaka tisa, naye huenda shule asubuhi, kwa hiyo babu hungoja hadi mchana ili apige simu.

Namna ya pili ya mitambo ilikusudiwa kumaliza tabu hii. Haikulinganisha sauti na sauti, ilijifunza lugha. Tangu miaka ya 1970 wataalamu wa Marekani walikuwa wakijenga mitambo inayokadiria, kwa hesabu za uwezekano, ni sauti gani hufuata sauti gani na neno gani hufuata neno gani, na kwa kazi hiyo walihitaji saa nyingi za usemi ulionaswa na kuandikwa. Faida yake ilikuwa kubwa: mtu hakuhitaji kuifundisha simu jina lolote. Lakini mtambo uliojifunza lugha waweza kukosa kuijua lugha, jambo ambalo alama ya sauti haikuweza kulikosa. Siri ya kampuni ya Apple ilipotoka mwaka wa 2011 ilielewa Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani. Dereva wa Shinyanga aliyetaka kuitumia alipaswa kuamuru kwa Kiingereza, kisha alitaje jina la Kisukuma kama Mwingereza angalivyolisoma, la sivyo halikusikika. Alilazimika kulikosea jina la jamaa yake ili aunganishwe naye.

Kiswahili kiliingia katika mitambo hii kwa njia tatu, na asili ya kila moja yaeleza kilichofuata. Mwaka wa 2012 watafiti wa Ufaransa walieleza mkusanyo wa usemi uliotoka katika taarifa za habari za redio. Huo ulikuwa usemi wa watangazaji. Kati ya miaka ya 2012 na 2014 mradi wa Babel wa serikali ya Marekani ulinasa karibu saa 200 za mazungumzo ya simu, uliochapishwa mwaka wa 2017. Huo ulikuwa usemi wa eneo la Nairobi. Mwaka wa 2021 shirika la Mozilla lilipata dola milioni 3.4 ili kukusanya usemi wa Kiswahili kutoka kwa wajitoleaji, wanaosoma sentensi zilizoandikwa. Katikati, Agosti 2017, Google iliongeza Kiswahili katika lugha zinazoweza kuandikwa kwa kusemwa, cha Kenya na cha Tanzania kila kimoja kwa jina lake. Hayo yote ni maendeleo ya kweli, wala si haki kuyadharau. Ila mtangazaji, mkazi wa Nairobi na msomaji wa sentensi hawasemi kama mchimbaji wa Rwamagasa.

Tofauti zenyewe zajulikana vizuri. Irene Richardson aliandika juu ya toni ya Kisukuma mwaka wa 1959, na Herman Batibo, mwenyeji wa lugha hiyo, alichapisha uchambuzi wa sauti na maumbo yake mwaka wa 1985. Msukuma asemapo Kiswahili, r na l hubadilishana mahali, kwa sababu lugha yake haizitengi. Rehema huwa Lehema, na sifuri huwa sifuli. Dh na th za pwani huwa z na s, hata dhahabu yenyewe, iliyowaleta watu hapa, husikiwa mara nyingi kuwa zahabu. Mahali ambapo ramani imeandika Mwanza, mwenyeji husema Ng'wanza. Hakuna hata moja katika haya ambalo sikio la mtu wa bara hulikosea. Mtambo huyakosea kwa kuwa haukuwahi kuyasikia ya kutosha.

Yaliyotukia hapa yalitukia mara moja kabla. Mwaka uleule wa 1928 reli ilipofika Mwanza, mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu, na Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka wa 1930. Uchaguzi ule ulileta vitabu na shule, lakini pia uliamua nani atasema sawasawa bila kujifunza na nani atasahihishwa maisha yake yote. Tofauti ni kwamba mwalimu aliyemsahihisha mtoto wa Maswa alimwelewa kwanza, ndipo akamsahihisha. Mtambo hausahihishi, hukaa kimya, au humpigia mtu mwingine.

Wanaistilahi nao wana sehemu yao. Jambo hili huitwa pengine utambuzi wa sauti, pengine utambuzi wa usemi, kana kwamba ni kitu kimoja. Sauti humhusu asemaye: ni nani huyu. Usemi huhusu kisemwacho: amesema nini. Simu ya mwaka wa 2000 ilitambua sauti, nayo ilimtii mwenyewe tu, kwa lugha yoyote. Simu za leo hutambua usemi, nazo humtii yeyote, kwa lugha zilizoruhusiwa. Anayechanganya majina haya mawili hawezi kueleza kwa nini mzee wa Shinyanga alihudumiwa vema zaidi na ile ya kwanza.

Katika orodha za simu za Usukuma majina Kulwa na Doto, wapewayo pacha, hujaa kuliko majina mengi. Watu huyatofautisha kwa kazi au mahali: Kulwa wa karasha, Doto wa Nyarugusu, Kulwa mama wa maziwa. Kwa alama ya sauti hayo yalikuwa maneno marefu yasiyofanana, yaani hasa yale ambayo kitabu cha maelezo kilishauri. Kwa mtambo mpya ni jina moja lenye namba nyingi, na swali lake, lile lile la mjukuu, ni la kutaka kujua ni Kulwa yupi.